Saratani Iliyosambaa Hadi Kwenye Ubongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa kwenye mabenchi ya kliniki za saratani, na mara nyingi anayeuliza si mgonjwa bali mwanawe, mkewe au dada yake. Si lazima usome yote. Nenda kwenye lile linalokukera leo. Pale jibu linapohitaji habari iliyokwisha kuelezwa, tumekuelekeza kwenye namba ya swali badala ya kurudia. Daktari aliyeziona picha za mgonjwa wako anajua mengi ambayo ukurasa huu hauwezi kuyajua.

## Ugonjwa wenyewe

1. Je, hii ndiyo saratani ya ubongo?

Wengi huita hivyo, lakini ni magonjwa mawili. Saratani ya ubongo huanzia kwenye seli za ubongo wenyewe. Hii ilianzia kwingine, tuseme kwenye titi au pafu, kisha seli zake zikasafiri. Iliyotoka kwenye titi hubaki saratani ya titi hata ikiwa ndani ya fuvu, na hutibiwa kwa dawa zinazoijua saratani ya titi. Kwa watu wazima, vivimbe vilivyosambaa kutoka kwingine ni vingi kuliko vile vinavyozaliwa kwenye ubongo.

2. Ni saratani zipi zinazopenda kwenda huko?

Ya mapafu inaongoza. Inafuata ya titi, hasa aina ya HER2 chanya (yenye protini ya HER2 kwa wingi) na ile isiyo na kipokezi hata kimoja, wanayoiita hasi tatu. Kisha melanoma (aina ya saratani ya ngozi), figo na utumbo mpana.

Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo inajaza wodi zetu, hufika kwenye ubongo mara chache. Ya tezi dume hukimbilia mifupa. Ikionekana kichwani, aghalabu imekaa kwenye mfupa wa fuvu au kwenye utando. Kuhusu melanoma, kwa watu weusi hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Doa jeusi linalokua unyayoni lionyeshwe kwa daktari.

3. Mama alitolewa titi lote miaka iliyopita akaambiwa amepona. Imetoka wapi?

Inaelekea seli chache zilikuwa zimekwisha kutoka kabla ya upasuaji, zikiwa ndogo mno kuonekana kwa kipimo chochote. Zinaweza kukaa kimya kwa miaka. Husafiri na damu na hukwama pale mishipa inapokuwa myembamba ghafla, kwenye mpaka wa tabaka la kijivu na tabaka jeupe la ubongo. Takriban vinne katika kila vivimbe vitano huota kwenye ubongo mkubwa, vilivyobaki vingi kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, na vichache kwenye shina la ubongo. Chakula alichokula, kazi aliyofanya, safari aliyosafiri, hakuna hata kimoja kilichoipeleka huko.

4. Inaambukiza?

Hapana. Mlishe, mwogeshe, lala naye kitanda kimoja.

## Dalili

5. Nitajuaje kwamba imefika kwenye ubongo?

Kichwa kuuma peke yake hakutoshi. Wengi wetu huumwa kichwa kwa presha, malaria au mawazo. Kinachotia shaka ni maumivu mapya kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani, hasa yanayomwamsha alfajiri, yanayoambatana na kutapika, na yanayozidi wiki hadi wiki. Nyingine ni kifafa kinachomwanza mtu mzima, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kukwama au kuchanganyika, kuona viwili viwili, na kuyumba kama mlevi.

Inategemea kivimbe kilipo. Cha kisogoni huleta kuyumba na kutapika. Cha upande wa kushoto mara nyingi hugusa usemi. Wapo pia ambao hawana dalili yoyote, kivimbe kikaonekana tu kwa sababu walipigwa picha ya kawaida ya kufuatilia.

6. Baba amebadilika tabia, anakasirika ovyo, anasahau, anatoa hela kwa watu asiowajua. Wazee wanasema ni mambo ya watu.

Kivimbe kwenye sehemu ya mbele ya ubongo hufanya hivyohivyo: kinaondoa haya, subira na uamuzi kabla ya kugusa mkono au mguu. Deksa nayo, dawa ya kupunguza uvimbe kichwani (swali la 15), inaweza kumfanya mtu asilale na awe mkali. Hatutaingia kwenye ugomvi na wazee, ila tunaomba jambo moja: picha ya kichwa ipigwe kwanza. Ikiwa safi, mtaendelea na mashauri mengine. Miezi inayopotea hapa ndiyo miezi ambayo kivimbe kimoja huwa vitatu.

7. Lini tusisubiri asubuhi?

Kifafa kinachozidi dakika 5 au kinachorudi kabla hajazinduka. Usingizi mzito asioweza kuamshwa. Maumivu ya kichwa yanayopanda kwa kasi pamoja na kutapika. Upande mmoja kupooza ghafla. Na pia miguu yote miwili kulegea au mkojo kuziba, kwa sababu hapo huenda saratani inaubana uti wa mgongo, nayo ni dharura ileile. Nendeni na dawa zake zote kwenye mfuko.

8. Akianguka kifafa nyumbani tufanye nini?

Mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, angalia saa. Usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Kijiko huvunja meno na hakizuii ulimi. Usimnusishe kiatu wala kitunguu. Povu lake haliambukizi, mguse bila woga. Kikiisha, mwache alale ubavu hadi azinduke, ndipo apewe maji.

## Vipimo

9. CT-scan inatosha au lazima MRI?

MRI yenye dawa ya kung'arisha picha, ile inayochomwa kwenye mshipa, ndiyo inayoona vizuri zaidi. CT inaweza kukosa vivimbe vidogo na vilivyo kisogoni, nayo ikipigwa bila dawa hukosa vingi zaidi. Lakini CT ni ya haraka, ipo katika hospitali nyingi, na inaonyesha damu na maji yaliyojaa. Mgonjwa aliyezidiwa aanze nayo. MRI huwa ya lazima pale tiba inapotegemea idadi: mtu hawezi kupangiwa mionzi ya kulenga (swali la 19) kwa picha iliyoona kivimbe kimoja wakati viko vinne.

Kabla ya dawa ya picha, figo hupimwa. Mwambie mpigaji picha kama mgonjwa ana betri ya moyo au chuma chochote mwilini.

10. Picha imeonyesha vivimbe kadhaa. Lazima iwe saratani?

Hapana, na hili lisome polepole. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa katika nchi ambako vivimbe vingi kichwani mwa mtu mzima humwelekeza daktari moja kwa moja kwenye saratani. Huku kwetu kuna magonjwa mengine yanayotoa picha ileile.

La kwanza ni kifua kikuu. Kinaweza kuacha doa kwenye pafu na vivimbe kwenye ubongo kwa wakati mmoja, na ukiiweka picha hiyo kando ya saratani ya mapafu iliyosambaa, hata jicho lililozoea linaweza kudanganyika. La pili ni toksoplazma, ugonjwa wa vimelea, kwa mwenye VVU ambaye CD4 zake (seli za kinga) zimeshuka chini ya 100. La tatu ni mabuu ya tegu wa nguruwe, yanayojulikana sana kwa wenyeji wa maeneo ya ufugaji wa nguruwe kama Mbulu na Mbeya, au magharibi mwa Kenya. La nne ni jipu la ubongo, linaloweza kuanzia kwenye sikio linalotoa usaha au jino lililooza. Yote manne yana dawa, na kumwandikia mgonjwa wa namna hii "saratani hatua ya nne, apelekwe nyumbani" ni kumzika akiwa hai.

Kwa hiyo kama mgonjwa hana saratani inayojulikana, uliza kwa adabu lakini uliza: amepimwa VVU? Makohozi yamepimwa kwa GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu? Kifua na tumbo vimepigwa picha? Matiti yamepapaswa, ngozi na nyayo zimeangaliwa? Kwa mwanamume kijana, korodani zimeshikwa?

Hata saratani inapojulikana, shaka ina nafasi yake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, wagonjwa 54 wenye saratani walidhaniwa kuwa na kivimbe kimoja kilichosambaa. Kilipochukuliwa kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara), 6 kati yao walikutwa na kitu kingine: uvimbe ulioanzia kwenye ubongo wenyewe, jipu, au uvimbe wa kinga ya mwili tu. Na hao walichunguzwa kwa mashine nzuri.

11. Alipata nafuu siku ya pili baada ya deksa. Si uthibitisho huo?

Si uthibitisho. Deksa hukausha maji yanayozunguka kivimbe cha aina yoyote, hata cha kifua kikuu. Kuna pia limfoma ya ubongo, saratani ya seli za kinga, ambayo huyeyuka kwa deksa kiasi kwamba kinyama kikichukuliwa baadaye hakionyeshi kitu. Limfoma ikishukiwa na mgonjwa anaweza kuvumilia, madaktari hupendelea kuchukua kinyama kwanza.

12. Tukikubali wachukue kinyama, kisu hakitaisambaza?

Hofu hii imewafukuza watu wengi hospitalini, na chanzo chake kinaeleweka: mgonjwa alipasuliwa akiwa amechelewa, akafariki, na kisu kikabeba lawama. Seli zilizofika kichwani zimekwisha kusambaa kwa njia ya damu bila kusubiri kisu. Hatari halisi za kuchukua kinyama cha ubongo ni damu kuvuja na maambukizi, na hizo ndizo za kumuuliza daktari wa upasuaji.

Si kila mtu anahitaji. Kama saratani yake ya mapafu au titi imethibitishwa na picha ya kichwa haina utata, kinyama cha kichwani huweza kuachwa. Kama kuna uvimbe mwingine rahisi kufikiwa, kwa mfano tezi ya shingoni, huchukuliwa huko.

13. Kwa nini wanataka kupima tena kinyama cha zamani?

Wanatafuta alama: HER2 na homoni kwa titi, EGFR na ALK kwa mapafu. Alama hizo ndizo zinazoamua kama kuna kidonge kinachofaa (swali la 22), nazo zinaweza kubadilika kati ya uvimbe wa kwanza na ule uliosambaa. Kwa sababu hiyo, ripoti ya patholojia ya mwanzo iwekeni mahali pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Familia nyingi hubaki na kadi ya kliniki tu, na kadi haitoshi.

## Tiba

14. Ikifika kwenye ubongo, kuna tiba kweli?

Ipo. Mara nyingi lengo ni kuidhibiti, kurudisha nguvu na akili, na kuongeza muda wenye maana, kuliko kuifuta kabisa. Maswali manne huamua njia: ni saratani gani, vivimbe ni vingapi na vikubwa kiasi gani, vimekaa wapi, na mgonjwa mwenyewe ana nguvu kiasi gani huku ugonjwa wa mwilini ukiwaje. Wagonjwa wawili waliolazwa kitanda kwa kitanda wanaweza kupewa mipango tofauti kabisa, na pengine hakuna hata mmoja aliyeonewa.

15. Deksa ni nini, na kwa nini wameanza nayo?

Ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Haiui saratani. Inapunguza uvimbe wa maji unaokizunguka kivimbe, na ndio huo unaoleta sehemu kubwa ya maumivu na kupooza. Nafuu huanza kuonekana ndani ya siku 1 hadi 3. Mwenye dalili za wastani huanza na miligramu 4 hadi 8 kwa siku. Aliyezidiwa hufika 16. Asiye na dalili haihitaji.

Apewe asubuhi baada ya chakula, na kama ni mara mbili, ya pili isizidi mchana, la sivyo hatalala.

16. Imempandisha sukari, amevimba uso, anakula usiku kucha. Tuiache?

Msiiache ghafla. Baada ya wiki chache mwili huacha kutengeneza steroidi yake wenyewe. Dawa ikikatwa kwa siku moja, presha inaweza kushuka, mgonjwa akalegea na kutapika, na maji ya kichwani yakarudi. Hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa ratiba iliyoandikwa. Kosa tunaloliona sana ni lile la dawa kuisha Ijumaa na familia kungoja kliniki ya Jumatano. Nunueni kabla ya kuisha.

Pamoja na hayo, deksa isiachwe iendelee miezi na miezi bila mtu kuuliza. Huongeza sukari, hudhoofisha misuli ya mapaja hadi mgonjwa ashindwe kuinuka kwenye kiti, huleta utando mweupe mdomoni, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala au kuwaachia minyoo ya strongiloidi mwanya wa kuenea mwilini. Kila kliniki uliza: tunaweza kushusha?

17. Kila mgonjwa apewe dawa ya kifafa?

Ambaye hajawahi kupata kifafa hahitaji dawa ya kudumu kwa tahadhari tu. Aliyewahi kupata, hata mara moja, apewe. Levetirasetamu ndiyo inayopendwa kwa sababu haigombani na dawa nyingine, ingawa huweza kumfanya mtu awe na hasira. Hospitali nyingi za wilaya zina fenobabito, fenitoini au kabamazepini. Zinazuia kifafa vizuri, lakini huharakisha ini kuvunja dawa nyingine, zikiwamo deksa, vidonge vingi vya saratani na DTG ya wenye VVU. Orodha nzima ya dawa ionekane na mtu mmoja.

18. Nani anafanyiwa upasuaji?

Zaidi mwenye kivimbe kimoja kikubwa, kinachofikika, kinachobana, huku ugonjwa wa mwilini ukiwa umetulia. Utafiti uleule wa 1990 uliotajwa swali la 10 ndio uliobadilisha mambo: waliotolewa kivimbe kisha wakapigwa mionzi waliishi kwa wastani wa wiki 40, na waliopata mionzi peke yake wiki 15. Kivimbe cha kisogoni kinachoziba njia ya maji ya ubongo hupasuliwa kwa dharura, au huwekwa mrija wa kushusha maji hadi tumboni.

Upasuaji peke yake haumalizi kazi. Pale kivimbe kilipotolewa hupigwa mionzi, bila hivyo hurudi mara nyingi.

19. Mionzi ya kichwa kizima na mionzi ya kulenga zina tofauti gani?

Ya kichwa kizima humwagia ubongo wote dozi ya wastani, kwa kawaida mara 10 au mara 5. Hufaa vivimbe vikiwa vingi mno, na inaweza kutolewa na mashine zilizopo kwetu, hata za kobalti. Ya kulenga huelekeza miali mingi myembamba ikutane kwenye kivimbe tu, kwa dozi kubwa, mara moja hadi mara tano. Watu huiita "upasuaji wa mionzi" ingawa hakuna kinachokatwa. Wazo lilitolewa mwaka 1951 na Lars Leksell, daktari wa Sweden aliyebuni mashine ya Gamma Knife.

Zamani ilisemekana kulenga ni kwa wenye kivimbe kimoja hadi vitatu. Utafiti wa Japani wa mwaka 2014 wenye wagonjwa 1,194 ulionyesha kuwa wenye vivimbe 5 hadi 10 waliishi sawa na wenye 2 hadi 4, wote wakiwa wamelengwa. Maoni yetu: kama vivimbe vinahesabika na mgonjwa anatembea, inafaa kuuliza juu ya kulenga kabla ya kukubali kichwa kizima, hata kama jibu litakuwa "mashine hatuna".

20. Atapoteza kumbukumbu? Na nywele?

Nywele hutoka kwa mionzi ya kichwa kizima, kwa kawaida hurudi baada ya miezi. Uchovu ni mkubwa, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza.

Kumbukumbu ni suala zito zaidi. Utafiti wa mwaka 2016 kwa watu wenye kivimbe 1 hadi 3 ulikuta kwamba miezi 3 baadaye, uwezo wa akili ulikuwa umeshuka kwa asilimia 92 hivi ya waliolengwa na kuongezewa mionzi ya kichwa kizima, na asilimia 64 ya waliolengwa tu, bila tofauti ya maana katika muda wa kuishi. Inapobidi kichwa kizima, zipo mbinu za kuikwepa sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, pamoja na kidonge kiitwacho memantini.

21. Haya yanapatikana hapa au lazima India?

Mengi yanapatikana. Dar es Salaam, mionzi ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road na upasuaji wa ubongo MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili; Kanda ya Ziwa mionzi ipo hospitali ya Bugando. Kenya wana Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina CyberKnife, mashine ya kulenga. Uganda ni Taasisi ya Saratani Mulago.

Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya tiketi, tuma picha na ripoti kwanza upate maoni kwa maandishi. Uliza watafanya nini ambacho hakifanyiki huku, na nani atamfuatilia akirudi. Aliyepasuliwa kichwa karibuni asipande ndege bila ruhusa ya daktari, maana hewa iliyobaki ndani ya fuvu hutanuka angani.

22. Dripu za saratani zinafika kwenye ubongo?

Nyingi hufika kwa shida, kwa sababu mishipa ya ubongo huchuja. Vidonge kadhaa vipya vimepenya chujio hilo. Osimertinibu kwa saratani ya mapafu yenye EGFR, alektinibu na lorlatinibu kwa yenye ALK, na tukatinibu kwa titi la HER2 chanya huweza kusinyaza vivimbe vya kichwani. Kwa mgonjwa asiye na dalili, mionzi wakati mwingine huahirishwa. Melanoma nayo hujibu dawa za kuamsha kinga. Tatizo ni bei, na bima nyingi hazizigusi. Bila kipimo cha alama (swali la 13), usinunue kidonge hata kimoja.

23. Tukiamua asipigwe mionzi, tumemtelekeza?

Si lazima. Uingereza na Australia walifuatilia wagonjwa 538 wa saratani ya mapafu ambao hawakufaa kupasuliwa wala kulengwa. Nusu walipewa mionzi ya kichwa kizima, nusu deksa na matunzo tu. Matokeo ya mwaka 2016: wa mionzi waliishi kwa wastani wiki 9.2, wa matunzo tu 8.5, na ubora wa maisha haukutofautiana. Kwa mgonjwa dhaifu wa kundi hilo, kukaa nyumbani na tiba shufaa (matunzo ya kupunguza mateso) nzuri ni uamuzi wa kitabibu halali. Kwa kijana mwenye nguvu mambo hubadilika, na hesabu hiyo isitumiwe kumnyima.

## Baada ya tiba, na hali zisizo za kawaida

24. Miezi minane baada ya kulengwa, picha inaonyesha kivimbe kimekua. Imerudi?

Huenda, au huenda ni tishu iliyokufa kwa mionzi na kuvimba. Mara nyingi picha moja haiwezi kutenganisha. Madaktari hurudia MRI baada ya wiki kadhaa, hujaribu deksa, na mara nyingine huchukua kinyama.

25. Ataishi muda gani?

Kuanzia wiki hadi miaka. Mwenye saratani ya mapafu ya ALK anayepata kidonge chake na mgonjwa wa swali la 23 wana jina moja la ugonjwa na safari mbili zisizofanana. Anayekupa idadi kamili ya siku anabahatisha. Uliza hivi: "Daktari, tunazungumzia wiki, miezi au miaka?" Hilo wengi wao hukujibu.

26. Ana VVU na anatumia ARV. Kuna la tofauti?

Asiache ARV. Mwanzoni, kama tokso haijaondolewa, mara nyingi hutibiwa kotrimoksazoli kwa takriban wiki mbili kisha picha hurudiwa. Ugomvi wa dawa uko swali la 17.

27. Dada wa miaka 24 alitoa mimba zabibu mwaka jana, sasa ana damu kichwani.

Kipimo cha ujauzito kifanywe leo. Mabaki ya mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida yenye vifuko kama zabibu, yanaweza kugeuka saratani inayokimbilia mapafu na ubongo na kuvuja damu, ikadhaniwa kiharusi. Tunaitaja kwa sababu inasahaulika, na kwa sababu ni miongoni mwa chache zinazoweza kupona kabisa kwa dripu hata zikiwa zimefika kichwani.

28. Wanasema seli zimeingia kwenye maji ya uti wa mgongo.

Hapo saratani imetanda kwenye utando wa ubongo. Huonekana kwa MRI na kwa maji yanayotolewa kwa sindano kiunoni, ambayo hayachukuliwi hovyo shinikizo la kichwani likiwa juu. Ni hali ngumu kuliko vivimbe. Mionzi ya sehemu zinazouma na baadhi ya vidonge vya swali la 22 husaidia.

29. Ramadhani inakaribia na hataki kula.

Kuruka dozi ya mchana ya deksa au ya kifafa ni hatari, na deksa kwa tumbo tupu humuumiza. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Mara nyingi sauti ya imamu wake humtuliza kuliko ya nesi. Akisisitiza, daktari aulizwe kama dozi zinaweza kupangwa daku na futari.

30. Dawa za mitishamba je?

Semeni mnazotumia, bila aibu. Baadhi huumiza ini au kugombana na vidonge, na daktari asiyejua atalaumu dawa isiyo na kosa.

31. Anaweza kuendesha bodaboda au kupika?

Aliyepata kifafa asiendeshe, asipande juu ya paa, asiogelee peke yake. Jiko la kuni na mafuta ya moto viachiwe mwingine, kwa maana majeraha mabaya ya kifafa kwetu ni ya moto.

32. Tumfiche mgonjwa?

Tunajua desturi, na tunajua ni kwa upendo. Lakini ugonjwa huu unaweza kuchukua usemi kabla ya kuchukua uhai. Akiwa bado anazungumza, aulizwe anataka kujua kiasi gani. Wosia, hati ya kiwanja, namba ya siri ya simu, nani awalee watoto: mambo hayo yana wakati wake, na wakati huo ni mapema.

33. Siku za mwisho zitakuwaje?

Wengi hulala zaidi na zaidi, hula kidogo, kisha hawaamki. Maumivu hudhibitiwa kwa morfini ya maji, inayotolewa na timu za tiba shufaa. Haimharakishi mtu ikipimwa vizuri. Akishindwa kumeza, deksa na dawa ya kifafa huweza kuchomwa chini ya ngozi, na daiazepamu huwekwa kwa njia ya haja kubwa kifafa kikija. Ombeni mfundishwe hayo, mpewe dawa za kuweka nyumbani, na namba ya simu ya nesi anayepokea usiku.